Mali ya Wakfu na Haki ya Wenyeji: Kwa Nini Jumba la Sanaa la Detroit Huandaa Warsha, Mazungumzo na Muziki

Julai 2013 jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, lilikwenda mahakamani kuomba litambuliwe kuwa limefilisika. Madeni yake yalikadiriwa kufikia dola bilioni 18, na hakuna jiji la Marekani lililokuwa limewahi kufilisika kwa deni kubwa kama hilo. Kama ilivyo kawaida kwa kila mufilisi, wadai walianza kuchungulia ndani ya nyumba kuona kuna nini cha kuuza. Macho yao yakatua kwenye Detroit Institute of Arts, jumba kubwa la mawe meupe lililoko barabara ya Woodward, ambalo lilikuwa mali ya jiji tangu 1919 pamoja na sehemu kubwa ya vilivyomo. Humo kuna picha ya Van Gogh aliyojichora mwenyewe, iliyonunuliwa 1922. Kuna ngoma ya harusi ya wanakijiji aliyoichora Bruegel. Kampuni ya mnada ya Christie's iliitwa kuthamini kazi zile tu zilizonunuliwa kwa fedha za jiji, nayo ikaja na makisio ya kati ya dola milioni 454 na milioni 867.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halina jibu jepesi. Mzee aliyeendesha basi la jiji miaka thelathini anaambiwa pensheni yake itakatwa, na huku ukutani kumetundikwa picha inayoweza kulipa pensheni za mtaa mzima. Kwa nini isiuzwe? Anayelijibu swali hili kwa kusifia uzuri wa picha peke yake hamtendei haki yule mzee. Jibu lenye uzito linataka tujue jumba la sanaa la mjini linamfanyia nini mkazi wa kawaida, na hilo utaliona kwenye ratiba yake ya kila wiki kuliko kwenye kuta zake: mazungumzo mbele ya picha, warsha za watoto na wazee, muziki wa Ijumaa jioni, filamu, safari za wanafunzi. Wengi huzichukulia shughuli hizi kama mapambo ya kuvutia watu. Kwa Detroit zilikuwa ndani ya mkataba, na mkataba huo ulikuwa na meno.

Ili kuuelewa, turudi nyuma mwaka mmoja kabla ya kufilisika. Agosti 2012 jumba lilikuwa hoi kifedha. Msaada wa jimbo uliokuwa tegemeo lake zamani ulikuwa umeyeyuka, na wafanyakazi walikuwa wamepunguzwa. Uongozi ukawaendea wapiga kura wa kaunti tatu, yaani Wayne, ambako ndiko liliko jiji lenyewe, pamoja na Oakland na Macomb. Waliombwa wakubali kodi ndogo ya majengo kwa miaka 10, ya senti 20 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi. Kwa kuwa Michigan hutoza kodi kwenye nusu ya bei ya soko, mwenye nyumba ya dola 150,000 angelipa dola 15 kwa mwaka. Kwa ujumla zingepatikana takriban dola milioni 23 kila mwaka. Kura zikapita katika kaunti zote tatu, ingawa Macomb ilipita kwa tundu la sindano.

Wapiga kura waliahidiwa nini? Kiingilio cha bure kwa wakazi wote wa kaunti hizo, safari za wanafunzi bila malipo, gharama ya basi ikilipwa na jumba, programu za wazee kwa makundi pamoja na usafiri wao, na ushirikiano na vikundi vya mitaani. Kila kaunti iliunda mamlaka yake ya kusimamia kodi hiyo, na ahadi zikaandikwa katika mikataba ya huduma. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi aliyepeleka darasa lake kule hakuwa anaomba hisani. Alikuwa anadai kitu ambacho wazazi wa darasa lake walikuwa wamekilipia.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana njia fupi ya kulielewa jambo hili, kwa sababu anaijua wakfu. Shamba au nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, na haichukuliwi kulipia deni la msimamizi wake. Ina wanufaika, na msimamizi kazi yake ni kuhakikisha wanufaika wanafikiwa. Juni 2013, mwanasheria mkuu wa Michigan alitoa maoni yanayokaribiana sana na hayo: kwamba kazi za sanaa za Detroit zimeshikiliwa kama amana ya hisani kwa ajili ya wananchi wa Michigan, na haziwezi kuuzwa ili kulipa madeni ya jiji. Maoni ya mwanasheria si hukumu ya mahakama, na wadai hawakuyakubali. Lakini mimi naona ndipo kiini kilipo. Wakfu ambao wanufaika wake hawaoni chochote ni wakfu jina tu. Warsha, mazungumzo na maonyesho ndiyo njia ambayo mnufaika wa jumba la sanaa huonja haki yake, hasa yule ambaye hajawahi kusoma kitabu kimoja cha historia ya sanaa.

Sasa tuzitenganishe shughuli zenyewe, maana kwenye ratiba hupangwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Mazungumzo ya jumba la sanaa yana sura mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mhadhara wa ukumbini. Mtaalamu anasimama na picha zinapita kwenye skrini nyuma yake, hadhira inasikiliza, mwishoni maswali machache. Ni muhimu, na kwa msanii aliye hai ni nafasi ya kujieleza kwa kinywa chake, lakini mhadhara wa aina hiyo ungeweza kufanyika chuo kikuu chochote. Ya pili ni mazungumzo ya kusimama mbele ya kazi yenyewe, na hii ndiyo iliyobadilika sana katika miaka arobaini iliyopita.

Zamani mwongozaji alitembeza watu na kuwamwagia maelezo: aliyechora, mwaka, mtindo, mwisho twende inayofuata. Jumba la Museum of Modern Art la New York lilipochunguza matokeo ya elimu yake miaka ya 1980, likakuta wageni wanafurahia ziara lakini hawabaki na kitu. Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu pale, na mwanasaikolojia Abigail Housen wakajenga utaratibu wa kuwaanzisha watu kwa maswali matatu. Nini kinaendelea katika picha hii? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Kuna nini kingine tunachoweza kukiona? Maswali haya yameenea katika majumba na shule nyingi, na ukiyasikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni ya chekechea. Hebu tuyapeleke Detroit tuone yanavyofanya kazi.

Katikati ya jumba la Detroit kuna ukumbi ambao kuta zake nne zimejaa michoro ya Diego Rivera, Mmeksiko aliyeichora kati ya Julai 1932 na Machi 1933 kwa fedha za Edsel Ford, mwana wa Henry Ford. Ni paneli 27. Ukuta wa kaskazini unaonyesha kiwanda cha Ford cha Rouge kikiunda injini ya V8, na ukuta wa kusini unaonyesha bodi za magari zikiungwa. Juu kulia, kwenye ukuta wa kaskazini, kuna paneli ndogo ya chanjo. Mtoto ameshikwa na muuguzi mwenye kofia nyeupe, daktari anamchanja. Chini yao wamesimama farasi, ng'ombe na kondoo. Nyuma, wanasayansi watatu wanashughulika maabarani.

Tuseme kundi limesimama pale na mwongozaji anauliza nini kinaendelea. Mmoja atasema mtoto anapigwa sindano. Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Ataonyesha sindano na koti la daktari. Mwingine atasema kwake inafanana na picha za Krismasi. Unaona nini? Ataonyesha wanyama waliozunguka kama zizi la Bethlehemu, kofia ya muuguzi iliyozunguka kichwa kama nuru ya mtakatifu, na wale watatu wa nyuma kama mamajusi. Hapo mwongozaji mzuri ataweka maelezo machache tu, kwa wakati wake: kwamba dawa za kinga za enzi hizo zilitengenezwa kwa kutumia wanyama kama hao, na kwamba 1933 viongozi kadhaa wa dini walikasirika, wakadai Rivera anaidhihaki Familia Takatifu, wakataka kuta zipakwe rangi. Kundi limeshajionea kwa macho yake kilichowakasirisha watu wale. Halihitaji kuaminishwa.

Kuna jambo jingine linalotokea pale ambalo mhadhara hauwezi kulileta. Detroit ni mji wa mafundi wa magari. Kwenye kundi la watu ishirini anaweza kuwamo mstaafu wa kiwandani ambaye anaitambua mashine moja moja kwenye ule ukuta kuliko mwongozaji. Jumba linalojua kuendesha mazungumzo litamwachia nafasi aeleze kazi ilivyokuwa, kelele zake na joto lake. Elimu hapo inatoka kwa mgeni kwenda kwa jumba. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalotofautisha mazungumzo ya kweli na tangazo la matembezi.

Warsha ni kazi ya mikono, na historia yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. John Cotton Dana, aliyeanzisha jumba la Newark mwaka 1909, alipigania wazo kwamba jumba lisilotumika na wenyeji wake halina kazi. Mwaka 1937 Victor D'Amico akaanzisha elimu katika Museum of Modern Art, na kuanzia 1942 akawa anafungua kanivali ya sanaa ya watoto ambayo wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Watoto waliachwa na vifaa na walimu wao, bila mama wa kusema "chora vizuri". D'Amico aliamini mtu anaielewa sanaa kwa kuitenda, na bado hatujapata hoja nzuri ya kumpinga.

Ndani ya jumba, warsha hugawanyika kulingana na kilichomo mikononi. Ukiruhusiwa kuchora ndani ya vyumba vya maonyesho utapewa penseli, na kalamu ya wino itakataliwa hata ukilalamika. Alama ya penseli ikigusa ukuta au fremu kwa bahati mbaya inafutika, ya wino haifutiki. Rangi za maji, gundi, udongo na wino wa kuchapia vina chumba chao chenye sinki, sakafu ya kuoshwa na mlango uliotengwa na njia ya picha. Jumba la Detroit limekuwa likifungua warsha za kuingia bila kujiandikisha mwishoni mwa wiki, ambapo familia inakaa mezani na kutengeneza kitu kinachohusiana na mkusanyo. Lina, kwa mfano, hazina kubwa ya vibaraka iliyotokana na Paul McPharlin, msanii wa vibaraka wa mji huohuo. Mtoto aliyetazama kibaraka chenye nyuzi nyuma ya kioo, kisha akafunga nyuzi zake mwenyewe na kugundua kwamba mkono unapanda pale alipotaka mguu upande, hataviangalia tena vile vya nyuma ya kioo kwa jicho lilelile.

Ndiyo maana kosa kubwa la warsha nyingi ni kukata uzi kati ya meza na ukuta. Watoto wanakata karatasi, wanabandika, wanapewa pongezi, wanarudi nyumbani bila kuona kazi hata moja. Shughuli kama hiyo ina heri yake, lakini ingefanyika kwenye maktaba au shuleni bila hasara yoyote. Ukitaka kuipima warsha ya jumba la sanaa, angalia kama mshiriki anarudi kwenye picha baada ya kunawa mikono.

Kwenye maonyesho ya jukwaani ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa, kwa sababu mambo matatu tofauti kabisa hukaa chini ya paa moja.

La kwanza ni burudani inayokaribishwa. Detroit imekuwa na muziki wa Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa Rivera, bila malipo ya ziada, na tangu 1974 ina programu ya filamu ndani ya ukumbi wa jengo lake la 1927 wenye viti zaidi ya elfu moja. Mwanamuziki anakuja, anapiga, anaondoka na malipo yake. Jumba hubaki na wajibu wa kisheria ambao hadhira haiuoni: muziki wa watu wengine ukipigwa hadharani hulipiwa kupitia vyama vya hakimiliki kama ASCAP na BMI, na kununua diski ya filamu hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma. Wanaoanzisha vituo vya sanaa kwetu waliangalie hili mapema.

La pili ni kitendo ambacho chenyewe ndicho kazi ya sanaa. Mwaka 2010, kwenye Museum of Modern Art, msanii Marina Abramović aliketi kwenye kiti zaidi ya saa 700 katika kipindi cha miezi miwili na nusu, na yeyote aliyetaka aliketi mbele yake wakatazamana kimya. Hapakuwa na wimbo wala hadithi. Tino Sehgal alikwenda mbali zaidi. Kazi yake ya wawili wanaokumbatiana na kubusiana polepole ilinunuliwa na jumba hilohilo 2008, na kwa masharti yake hakuna maandishi: mauzo hufanyika kwa mdomo mbele ya mthibitishaji, na kazi hurithishwa kwa kufundishana mwili kwa mwili. Kwa jumba lililozoea kuhifadhi turubai, hii ni kazi mpya kabisa. Unahifadhije kitu ambacho hakipo mpaka watu wawili wakitende? Jibu ni kwamba unawahifadhi wanaojua. Unawalipa, unawakutanisha na vijana, unahakikisha mnyororo haukatiki.

La tatu tunalifahamu vizuri zaidi sisi. Kwenye Makumbusho ya Kijiji jijini Dar es Salaam, nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa uwanjani, na ngoma zinachezwa palepale. Ngoma ile haikukaribishwa ili kuchangamsha mkusanyo. Yenyewe ni sehemu ya mkusanyo, sawa na paa la makuti na kinu. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilipokutana Prague na kupitisha maana mpya ya makumbusho, liliutaja urithi usioshikika pamoja na unaoshikika, na likataja ushiriki wa jamii. Wacheza ngoma wa Dar es Salaam walikuwa wakilitenda hilo miaka mingi kabla halijaandikwa Prague, na ingefaa kusemwa hivyo bila kuona haya.

Mtu anaweza kuuliza: kama shughuli hizi zina faida hivyo, mbona haziwekwi kila siku katika kila chumba? Kuna wakati wahifadhi na waelimishaji wa jumba moja hubishana vikali, na pande zote mbili zina haki. Kazi za karatasi na nguo huwekwa kwenye mwanga hafifu wa karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), wakati picha za rangi ya mafuta huvumilia kiasi cha 200. Mpiga picha wa tamasha na taa zake haingii kwenye chumba cha lux 50, hata akiwa na kibali cha nani. Halafu kuna miili yetu. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100. Wajaze watu 200 chumbani na umewasha joto la birika kumi za umeme zinazochemka kwa pamoja, tena wanatoa mvuke kwa pumzi. Mbao za karne ya 15 zilizozoea unyevu wa kiwango kimoja zitavuta, zitavimba, na rangi iliyo juu yake itaanza kupasuka. Spika kubwa hutikisa hewa na sakafu. Chakula huita wadudu, na mdudu anayekula makombo ya keki leo kesho anakula zulia la kale.

Ukumbi wa Rivera una nafuu yake. Michoro ile ni ya fresko, rangi iliyopakwa kwenye plasta mbichi ikakauka pamoja nayo, kwa hiyo picha ni sehemu ya ukuta wenyewe. Haining'inii kwenye waya, haina turubai ya kulegea. Ukumbi ni mpana na dari yake iko juu. Haishangazi kwamba viti vya hadhira hupangwa pale, na nadhani hakuna mahali pa heri zaidi kupiga muziki mjini Detroit kuliko kuzungukwa na wafanyakazi wa kiwandani waliochorwa wakubwa kuliko watu halisi.

Tuje kwenye fedha, ambazo ndizo zinazowachanganya watu kupita kiasi. Jumba lenye picha za mamilioni linawezaje kukosa mshahara wa mwalimu wa warsha? Linaweza, na mara nyingi linakosa. Fedha za majumba kama haya nyingi huja na masharti. Tajiri akiacha mfuko wa wakfu kwa ajili ya kununua picha za Waholanzi, mapato yake hayawezi kulipia basi la wanafunzi. Mfadhili wa maonyesho maalumu analipia maonyesho hayo, yakiisha na fedha imeisha. Kuuza kazi moja ili kulipia umeme ni mwiko katika maadili ya majumba ya Marekani, na jumba linalofanya hivyo huhatarisha kutengwa na wenzake. Kinachobaki kwa ajili ya mishahara, taa, walinzi na warsha ni kile kikapu kidogo kisicho na masharti. Kodi ya 2012 ilijaza kikapu hicho. Ilikuwa fedha ya uendeshaji, na ililiachia jumba nguvu ya kutafuta michango ya kukuza mfuko wake wa wakfu ili siku moja lisimame lenyewe.

Sasa turudi mahakamani. Wadai walipoanza kudai mauzo, mamlaka ya Oakland ilipitisha azimio: kazi zikiuzwa, au fedha za kodi zikipelekwa kwingine, kodi itasimamishwa. Hesabu ikabadilika. Kuuza picha kulimaanisha kupoteza takriban dola milioni 23 kwa mwaka, na bila fedha hizo jumba lisingeweza kujiendesha. Wakazi walikuwa na kauli kwa sababu walikuwa wamelipa, na walilipa kwa sababu waliahidiwa huduma. Sitaki kudai kwamba warsha za watoto ndizo zilizoiokoa picha ya Bruegel. Kilichoiokoa moja kwa moja ni makubaliano makubwa yaliyosukwa na wasuluhishi: taasisi za hisani zilitoa dola milioni 366, jimbo likaahidi milioni 350 kwa muda wa miaka 20, jumba lenyewe likajifunga kutafuta milioni 100. Jumla milioni 816, zote zikaelekezwa kwenye mifuko ya pensheni, na mkusanyo ukatoka mikononi mwa jiji kwenda kwa shirika lisilo la faida linalouendesha. Jaji Steven Rhodes aliidhinisha mpango huo Novemba 2014.

Yule mzee wa basi hakutoka bila jeraha. Wastaafu wa kawaida wa jiji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni, wakapoteza nyongeza ya kufidia kupanda kwa maisha, na mafao yao ya matibabu yakapunguzwa sana. Bila makubaliano yale makato yangekuwa mazito zaidi. Lakini watu hawa walilipa sehemu ya gharama, na kila tamasha la Ijumaa linalofanyika pale linafanyika kwa deni la heshima kwao. Ndiyo maana programu za wazee, zenye basi la kuwafuata na kuwarudisha, kwangu mimi ndizo za kwanza kulindwa pale bajeti inapokatwa, na za mwisho kuguswa.

Yapo malalamiko mengine ya haki. Detroit ni mji ambao wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi, na kwa muda mrefu uongozi wa jumba na kazi zilizopewa nafasi kubwa havikufanana nao. Kiingilio cha bure hakimfikishi mtu asiye na gari kwenye mji ambao mabasi yake ni machache. Ratiba ikijazwa muziki na mvinyo ili kuongeza hesabu ya waliopita mlangoni, wapo watakaoingia na kutoka bila kuinua macho ukutani, na hesabu itawahesabu sawa na yule aliyekaa nusu saa mbele ya paneli moja. Pia kuna harusi na dhifa za makampuni, ambazo ni biashara ya kukodisha ukumbi. Jumba linazihitaji kwa mapato, lakini zisiingizwe kwenye ripoti kama huduma kwa umma.

Jumba la Detroit lilijaribu kuuvuka ule ugumu wa usafiri kwa namna niipendayo. Kuanzia 2010, lilipotimiza miaka 125, lilianza kutundika nakala za picha zake nje: kwenye kuta za maduka, bustani, vituo vya mitaa ya mbali. Wenyeji wakawa wanazitembelea kwa miguu na baiskeli, na mazungumzo yakafanyikia barabarani. Nakala haihitaji lux 50 wala mlinzi. Inamhitaji tu mtu wa mtaa huo anayejua kuuliza nini kinaendelea katika picha hii.

Machi 2020 kodi ile ilirudishwa kwa wapiga kura kabla ya muda wake kuisha, na kaunti zote tatu zikaikubali kwa miaka mingine 10, ambayo inaishia 2031. Mfuko wa wakfu unaendelea kukuzwa ili mapato yake yaweze kushika nafasi ya kodi. Yakitosha, basi la wanafunzi, penseli za warsha na malipo ya wanamuziki vitaendelea bila kumrudia mlipa kodi. Yasipotosha, jumba litalazimika kwenda tena kugonga milango ya Macomb, ambako mwaka 2012 lilipita kwa kura chache.